Koili ya Moto Mkubwa

Waliomjua Wasike, fundi wa pikipiki pale Nakuru, walimjua kwa mambo mawili: ubishi na balbu. Ubishi alizaliwa nao. Mama yake kule Kimilili alikuwa akiapa kwamba mtoto huyu alianza kubishana na watu kabla hajaota meno. Balbu ilikuja baadaye. Ilikuwa balbu ya taa kubwa ya pikipiki, imefungwa kwenye kipande cha ubao na kutiwa nyaya mbili, na aliiweka ndani ya kopo la tumbaku lililojaa pamba, utadhani ni yai. Hakufunga koili, kile kidude kinachopeleka moto kwenye plagi, kwenye pikipiki ya mtu yeyote kabla ya kuipima kwa balbu ile. Wenye haraka walinung'unika, wakatazama saa zao, wengine wakatukana. Wasike alipima. Ukimwuliza alijifunzia wapi, alikuwa akijitia hamnazo na kuanza kutafuta spana ambayo iko mkononi mwake. Hakupenda kusimulia habari ile, kwa kuwa haikuwa ya kumsifu.

Ilikuwa mwaka 1956. Wasike alikuwa na miaka ishirini na minane, ametimiza miaka saba katika gereji ya Kehar Singh karibu na stesheni, na bado hakuwa fundi. Alikuwa mtu wa mkono, maana yake mtu wa kuitwa ashike, akaze, asukume, na baadaye alaumiwe. Shule aliiona dirishani tu, muhula mmoja na nusu, hadi ng'ombe wa baba yake walipomhitaji kuliko mwalimu. Ukubwa wa nati aliujua kwa jicho. Injini aliijua kwa sikio. Lakini kwake namba iliyoandikwa ilikuwa mikwaruzo tu.

Chini ya meza ya kazi palikuwa na sanduku la chuma la bluu lenye spana kamili. Kehar Singh alikuwa amemwahidi: siku atakayotengeneza pikipiki peke yake, iende na isirudi, sanduku ni lake na ataitwa fundi. Wasike alilifuta vumbi sanduku lile kila asubuhi. Mkewe, Nasimiyu, alikuwa ameshachoka kusikia habari zake.

Sasa, katika gereji za Nakuru miaka ile hakuna aliyesema volti. Palisemwa moto. Betri iliyojaa ina moto, plagi iliyokufa haina moto. Malori na magari makubwa yalikuwa ya moto mkubwa, nayo pikipiki ya moto mdogo. Kila mtu alielewa, na kazi ilikwenda. Aliyekuwa akisema namba ni mmoja tu, mzee Gachanja wa stoo.

Gachanja alikuwa mwembamba, na miwani yake ilikuwa na mguu mmoja wa chuma na mwingine wa uzi. Alikuwa amesoma misheni hadi darasa la sita, kwa hiyo kila kitu kilichokuja na maandishi ya Kiingereza kilipita mbele ya miwani ile kwanza. Alikuwa Mkikuyu, na mwaka ule hilo lilikuwa neno zito. Alizaliwa kwenye shamba la Mzungu huko Subukia, hakuwahi kuishi kwingine ila huko na hapa mjini. Lakini kwa sheria za hali ya hatari ambazo serikali ya kikoloni iliwawekea Wakikuyu, kilichomruhusu kukaa Nakuru ni kitabu cha pasi alichokiweka katika mfuko wa shati, na ndani ya kitabu hicho sahihi ya mwajiri wake. Sahihi ikifutwa, yeye na mkewe Wariara wangepakiwa kwenye lori na kupelekwa rizavu ya Fort Hall, eneo lililotengewa Wakikuyu, mahali ambapo wote wawili walipajua kwa jina tu.

Jumatatu moja Kehar Singh alikwenda Nairobi kutafuta vipuri. Hakuwa amefika hata Gilgil, nadhani, Kiptanui akaingia gerejini akisukuma pikipiki yake. Kiptanui alikuwa dresa wa mifugo, mtu mrefu mwenye kofia ya kitambaa, ambaye kazi yake ilikuwa kupeleka chanjo za ng'ombe mashambani, tangu Njoro hadi Gilgil, ndani ya sanduku la barafu. Watu walimwita dakitari, naye hakuwakataza.

"Hii kitu inanifia njiani," akasema. "Ikipata joto, inazima. Nikiketi kando ya barabara nusu saa, inafufuka."

Wasike alisikiliza, akafungua, akagusa, akanusa. Alipata kosa, na alilipata sawasawa: koili ilikuwa imechoka, ikipata joto inakufa, ikipoa inarudi. Hapo alistahili sifa yake yote. Kwa mara ya kwanza alikuwa ametambua ugonjwa bila Kehar Singh kusimama mgongoni mwake, na kichwa kikaanza kuvimba. Akaenda kwenye dirisha la stoo kwa mwendo wa mtu mwenye sanduku lake.

"Mzee, nipe koili ya dakitari. Ile ya moto mkubwa."

Gachanja akainama, akatoa koili mbili, akaziweka kwenye ubao wa dirisha. Kwa macho zilikuwa mapacha. Akazigeuza matako juu, akaelekeza kidole. "Hii imeandikwa sita. Hii kumi na mbili, ni ya gari. Pikipiki yake ni sita."

"Huyu mtu anapanda kilima cha Gilgil na barafu mgongoni, mzee. Nimpe moto mdogo wa nini? Lete ya moto mkubwa."

"Nakwambia ni sita. Si mimi nimeandika."

"Wewe soma makaratasi," Wasike akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Mimi nasoma injini."

Watu wawili waliokuwa wakingoja tairi wakacheka. Kicheko kile kilimwingia Wasike kama chai ya moto siku ya baridi. Gachanja alimtazama juu ya miwani, akasukuma koili ya kumi na mbili mbele.

"Haya, chukua. Lakini nimesema sita."

Betri ilikuwa imetoka kuchajiwa. Kiptanui alipiga teke moja tu, pikipiki ikawaka, ikanguruma vizuri. Alizunguka nayo stesheni mara mbili, akarudi anacheka, akamshika Wasike mkono. "Asante, fundi," akasema. Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo. Wasike alirudi nyumbani mtaa wa Bondeni kwa miguu siku ile na hakuhisi kama amekanyaga chini.

Jumatano pikipiki ilirudi juu ya lori la mgodi wa udongo mweupe wa Kariandusi, na Kiptanui amekaa kando yake, wote wawili weupe kwa vumbi kama waliovingirishwa kwenye unga. Mambo yalikuwa hivi. Aliondoka asubuhi na mapema, kukawa na ukungu Elmenteita nzima, akawasha taa kubwa. Barabara mbovu, mwendo wa pole. Alipoanza kupanda baada ya Kariandusi, pikipiki ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima. Alipiga teke hadi goti likavimba. Jua likatoka, barafu ikayeyuka, chanjo ikaharibika yote. Gilgil ng'ombe mia mbili walikuwa wamefungiwa zizini wakimngoja, na mwenye ng'ombe hangekosa kuandika barua kwa wakubwa wa Kiptanui.

Kehar Singh alikuwa amerudi. Alisikiliza yote. Akachaji betri kidogo, akawasha pikipiki. Ikawaka kwa teke moja. Wasike akashusha pumzi. Lakini yule bwana hakuwa mtoto wa jana katika kazi hii. Aliwasha taa kubwa, akaiacha injini ingurume polepole ipate joto, akasimama kando akisokota masharubu. Haikupita muda, ikakohoa kile kikohozi cha Kariandusi, ikazima. Akafungua koili, akaipangusa kwa kitambaa, akasoma chini yake.

"Kumi na mbili," akasema. "Nani natoa hii?"

Gachanja alikuwa amesimama kwenye dirisha lake. "Mimi, Bwana."

"Wewe nasoma! Yeye hapana jua soma," akimwonyesha Wasike, "yeye natia kitu napewa. Lakini wewe naona namba kwa macho yako, natoa!" Uso wake ulikuwa umeiva kwa hasira, na tusimsingizie, alikuwa na hofu pia, maana kazi za idara ya mifugo ndizo zilizoishikilia gereji ile. "Jumamosi wewe nakwisha hapa. Lete kitabu yako Jumamosi, mimi nafuta jina."

Gachanja aligeuza kichwa taratibu, akamwangalia Wasike. Hakumwangalia kwa chuki, wala hakumwomba. Alimwangalia kama mtu anayengoja mwenzake amalize kutafuna ili aseme.

Wasike akaitazama spana mkononi mwake. Akaikagua upande huu na upande ule. Ulimi ule ambao haukuwahi kukosa neno tangu Kimilili ulikuwa umelala mdomoni kama kipande cha ubao. Alipoinua macho, Gachanja alikuwa amerudi ndani ya stoo.

Ni rahisi kumlaumu. Lakini sanduku la bluu lilikuwa mita mbili kutoka mguuni pake. Miaka saba ya kuosha vyuma kwa mafuta ya taa ilikuwa ndani ya sanduku lile, na ngozi ya vidole vyake pia. Alijiambia atasema kesho.

Kesho yake, Alhamisi, alipofika gerejini, Gachanja alikuwa ameshafika, anapanga stoo. Alipanga kila kitu, hata skurubu zilizoota kutu, ili atakayekuja asipate taabu. Kuona hivyo Wasike akazidi kuumia, na mtu wa ubishi akiumia hubishana. Kwa kuwa hapakuwa na wa kubishana naye, alibishana na nafsi yake. Labda koili ile ilikuwa mbovu tangu kiwandani. Kama ni ya moto mkubwa, mbona inakosa moto? Wakati wa chakula, wengine walipokwenda kula, alizichukua zile koili mbili, betri ya pikipiki na balbu ya taa kubwa, akaenda nyuma ya gereji.

Alifunga kwa namna hii: moto utoke kwenye betri, upite ndani ya koili, kisha upite ndani ya balbu ndipo urudi. Alianza na ile ya sita. Balbu ikawaka, si sana, lakini ukaona waya wa ndani umekuwa mweupe. Akaitoa, akafunga ile ya kumi na mbili. Balbu ikatoa wekundu hafifu, kama kaa la mwisho jikoni. Akakaza nyaya. Wekundu uleule. Akabadilisha mara tano, na mara tano balbu ikamwambia neno lilelile.

Akaketi chini juu ya tairi. Miaka saba alikuwa amesema koili ya moto mkubwa akidhani maana yake ni koili inayoleta moto mkubwa. Kumbe ni koili inayotaka moto mkubwa. Ukiipa mdogo, inaumeza karibu wote, inakutolea tone. Betri ikiwa imejaa na injini baridi, tone hilo latosha. Ukiwasha taa, ukapanda kilima, hata tone hulipati. Neno lilikuwa lilelile moja, na yeye alikuwa amelishika kwa upande usiofaa, na mzee mwenye miwani ya uzi alikuwa amemwambia sita.

Sasa alijua kabisa. Na bado, jamani, hakusema. Alifika hadi mlango wa ofisi, akamkuta Kehar Singh anazungumza na mtu, akageuka.

Jua lilikuwa bado juu alipofika nyumbani. Uani palikuwa na kuku wawili wamefungwa miguu, mmoja mweusi na mmoja wa madoadoa. Aliwajua. Walikuwa wa Wariara, mke wa Gachanja, aliyechota maji bomba moja na Nasimiyu.

"Ametupa," Nasimiyu akasema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Anasema hawezi kusafiri nao kwa lori la serikali. Nimekataa, akaniambia afadhali wewe kuliko askari. Eti mzee wa stoo amekosea koili. Ni kweli, Baba Nekesa?"

Wasike alikaa kwenye kigoda.

"Tutamchinja mmoja Jumapili?" mkewe akauliza. "Mbona hunijibu? Unaumwa?"

"Usichinje," Wasike akasema. "Usichinje hata mmoja. Wafungue miguu." Akaacha chakula bila kukigusa. Aliona aibu kiasi cha kutotaka hata mtoto wake Nekesa amkalie magotini.

Ijumaa asubuhi alikuwa mlangoni pa gereji kabla ya kufuli kufunguliwa, amebeba betri, koili mbili na balbu. Kehar Singh alipofungua, hakumsalimu. Aliweka vyote kwenye meza ya kazi, akafunga nyaya, akaonyesha: hii, kisha hii.

"Bwana, koili ile niliitaka mimi. Mzee Gachanja aliniambia sita. Alinionyesha kwa kidole. Nikabisha, nikamfanyia mzaha mbele ya watu, akanipa nilichotaka. Kosa si lake. Ni langu tangu mwanzo hadi mwisho." Akamtazama usoni. "Na juzi ulipouliza, nilinyamaza."

Kehar Singh aliitazama ile balbu kwa muda mrefu. Kisha akaita kwa sauti, na Gachanja akaja akifuta mikono.

"Kwa nini wewe nanyamaza? Kwa nini hapana sema?"

"Bwana," Gachanja akasema polepole, "neno la Mkikuyu mwaka huu lina uzito gani? Ningesema ni yeye, ungesema namsingizia. Nikaona nimwachie mwenye neno alitoe."

Yule bwana akakuna ndevu, na ilionekana wazi kwamba maneno yale yamemfika. Akavuta mtoto wa meza, akatoa barua ya kumfuta Gachanja aliyokuwa amemwandikia D.O., afisa wa wilaya, akaichana vipande vinne. "Rudi stoo," akasema, sauti chini. "Kitabu yako kaa nayo." Halafu akalisukuma lile sanduku la bluu kwa kiatu hadi mwisho kabisa chini ya meza, kwenye giza. "Na wewe, rudi kwa mafuta ya taa. Mwaka moja."

Kiptanui alikuja kabla ya adhuhuri. Wasike alimfungia koili ya sita, na alipokuwa akikaza akamweleza kila kitu, maana sasa mdomo ulikuwa umefunguka. Dresa alisikiliza kofia mkononi. Alipiga teke, akaiacha injini na taa zikiwaka hadi ikapata joto kabisa, haikukohoa. "Asante, Wasike," akasema, akaondoka. Wasike alilisikia lile neno ambalo halikusemwa.

Jioni alikwenda kwa Gachanja na kuku wawili kwapani. Mweusi alikuwa ametaga asubuhi ile uani kwa Wasike, na Nasimiyu alisema yai si lao, akalitia mfukoni mwa koti la mumewe na kumwambia asianguke.

Chumba kilikuwa wazi. Kitanda kilikuwa kimefunguliwa, mbao zimefungwa kamba. Sufuria zimepangwa ndani ya gunia. Wariara alikuwa amepiga magoti anafungua fundo moja alilokaza mno, na hakuinuka kusalimu. Wasike akabaki kizingitini.

"Mzee, nimekuja kusema pole."

"Siku mbili," Gachanja akasema. Alikuwa ameketi juu ya gunia, miwani mkononi. "Siku mbili mama huyu amefunga mizigo, wewe unajua. Jana alilia juu ya hii sufuria. Ungekuja Jumatano, ningecheka."

"Niliogopa, mzee."

"Hata mimi niliogopa."

Kuku mmoja akapapatika kwapani. Kisha Gachanja akavaa miwani yake, akaokota msumari sakafuni, akainama mlangoni, pale udongo ulipokuwa laini, akachora alama moja, yenye tumbo chini na mkia juu.

"Hii ni ngapi?"

"Sijui, mzee."

"Unaijua. Leo umeishika mkononi. Imeandikwa chini ya ile koili uliyomfungia Kiptanui."

Wasike akaitazama ile alama chini. Aliitazama sana, kama anavyosikiliza injini. "Sita," akasema.

"Pikipiki ya Kiptanui ni ngapi?"

"Sita."

"Na siku ile dirishani, mbele ya wale watu, mimi nilikwambia ngapi?"

Macho yalimjaa Wasike maji na hakuwa na mkono wa kuyafuta, kwa sababu ya kuku.

"Sita, mzee," akasema. "Ulisema sita."

Gachanja akaitikia kwa kichwa. Akainuka, akanyoosha mikono yote miwili.

"Basi lete hao kuku."